Kataa Mara Moja, Kubali Moja Moja

Saiba za Tawa na Kikima, huku Mbooni, hujaa wakati wa kuchagua kozi za vyuo. Mwanafunzi akishamaliza shughuli yake kwenye tovuti ya KUCCPS, dakika alizolipia na ambazo hazijaisha hatazitupa. Atafungua gazeti la mtandaoni au ukurasa wa matokeo ya kandanda, na kabla hajasoma hata kichwa cha habari, kisanduku kinajitokeza chini ya skrini. Kina kitufe kikubwa cha kijani cha kukubali zote. Pembeni yake, kwa maandishi ya kijivu yanayodai miwani, pana maneno ya kusimamia mapendeleo. Kijana anabonyeza kijani, maana saa ya saiba inakwenda na kijani ndicho kinachofungua mlango. Akiondoka, kiti kile kile kinakaliwa na mama aliyekuja kusoma juu ya ugonjwa wa sukari wa mumewe. Anafungua tovuti ile ile, na yeye kisanduku hakimtokei kabisa. Kivinjari kinakumbuka kwamba swali lilikwisha kujibiwa. Ruhusa ya mama huyu imetolewa na mtu asiyemjua kwa jina wala kwa sura, na kila ukurasa atakaousoma pale utahesabiwa kwamba ameuridhia.

Hiyo ni ruhusa ya pamoja katika umbo lake dogo: jibu moja, watu wawili. Umbo lake kubwa ni jibu moja, tovuti nyingi, na ndilo linalopigiwa debe siku hizi kama dawa ya uchovu. Watu wamechoshwa na visanduku hivi, na wana haki ya kuchoka. Kwa nini mtu asijibu mara moja tu, na jibu lake lifuatane naye popote aendapo mtandaoni? Nasema wazo hilo ni zuri kwa nusu, na ni baya kwa nusu ya pili. Kukataa kwako ni vizuri kusafiri. Kukubali kwako kubaki pale pale kulipotolewa. Ukishaelewa kwa nini majibu haya mawili hayalingani, mipangilio ya simu yako utaiweka bila kumwuliza mtu.

Tuanze na kitu chenyewe. Kuki, au kidakuzi kama Google inavyoiita katika Kiswahili chake, ni kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti hukiweka ndani ya kivinjari chako ili ikutambue ukirudi. Aliyeibuni ni Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, mwaka 1994, kwa shida ya kawaida kabisa: duka la mtandaoni lilikuwa likisahau mteja ameweka nini kapuni kila alipofungua ukurasa mpya. Kuki hufungwa kwa jina la tovuti iliyoiweka, na tovuti nyingine haiwezi kuisoma. Chukua kampuni ya kubuni, mfano.co.ke. Duka lake la duka.mfano.co.ke na gazeti lake la habari.mfano.co.ke vinaweza kutumia kuki moja, kwa kuwa vyote ni vya mfano.co.ke. Lakini hakuna awezaye kuweka kuki ya co.ke nzima. Vivinjari vina orodha, inayotunzwa na Mozilla, ya miisho ya majina ambayo ni ya watu wote, na co.ke, go.ke na ac.ke zimo. Isingekuwa orodha hiyo, kuki ya muuza viatu wa Nairobi ingeweza kusomwa na kila kampuni ya Kenya yenye jina la co.ke, na ya wizara moja ingesomwa na wizara zote.

Basi jibu lako linapitaje kutoka tovuti moja hadi nyingine isiyo ya mwenye nyumba yule yule? Linabebwa na mtu wa tatu. Kampuni ya matangazo, au kampuni inayouza visanduku vya ruhusa, huwa na kijipande cha programu yake ndani ya kila moja ya tovuti hizo, na kuki inayokutambua kote huko ni yake. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo, ingawa wahandisi hawalicheki: ili chombo kikumbuke kwamba ulikataa kufuatwa kutoka tovuti hadi tovuti, inabidi kikufuate kutoka tovuti hadi tovuti. Njia ya pili ni kukutaka ujisajili na kuingia kwa barua pepe au namba ya simu, ili jibu lihifadhiwe kwenye seva chini ya jina lako. Hiyo nayo ni kusema: tuambie wewe ni nani hasa, nasi tutakumbuka kwamba hutaki tujue wewe ni nani.

Je, jibu linalobebwa hivyo ni ridhaa? Watu wa Mbooni hawahitaji kufundishwa na Ulaya maana ya ridhaa. Wanaijua bodi ya ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Ardhi, sura ya 302, iko tangu mwaka 1967, na kwa mujibu wake shamba la kilimo haliuzwi, haligawanywi wala haliwekwi rehani bila idhini ya bodi. Anayetaka kuuza ekari mbili kule Kalawa hufika mbele ya bodi na mwenzi wake, na mara nyingi watoto waliokwisha kuwa watu wazima huulizwa pale pale, mdomo kwa mdomo, kama wanajua na kama wameridhia. Namba ya kipande imeandikwa. Jina la mnunuzi limeandikwa. Ombi lina muda wake, miezi 6 tangu makubaliano yafanyike. Idhini ikitoka, inahusu kipande hicho, mnunuzi huyo, shughuli hiyo. Hakuna mzee wa bodi atakayekubali hoja ya mnunuzi wa pili anayesema kwamba, kwa kuwa familia hii iliridhia kumwuzia jirani mwezi uliopita, basi imeridhia kumwuzia na yeye. Angefukuzwa mkutanoni. Lakini ndiyo hoja inayotolewa na kitufe kimoja kinachozikubalia tovuti thelathini.

Sasa tazama upande wa pili wa jambo hilo hilo. Pitia barabara yoyote ya Kenya utaona ukuta au ubao uliopakwa rangi: shamba hili haliuzwi. Tangazo hilo halitaji jina la mtu. Mwenye shamba hahitaji kujua ni nani atakuja, ana pesa ngapi, anataka kujenga kanisa au kituo cha petroli. Analisema mara moja na linamhusu kila apitaye. Kukataa hakuhitaji habari za anayekataliwa, na hakumgharimu mkataaji kitu: kesho akibadili nia, anafuta rangi, shamba bado lipo. Kukubali hakuko hivyo. Ukikubali lazima ujue unampa nani, unampa nini na kwa kazi gani, na kikishatoka mkononi hakirudi chote. Ndiyo maana ubao mmoja unatosha kwa wanunuzi wote, ilhali mkataba wa kuuza lazima uwe na jina.

Sheria ya Kenya imelisema hilo karibu kwa maneno hayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na itolewe na mtu aliyeelezwa, kwa tamko au kwa kitendo kinachoonekana. Neno mahususi ndilo zito hapo. Kifungu cha 32 kinamtwika anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba mhusika aliridhia, na kinampa mhusika haki ya kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Kuki haitajwi kwa jina, lakini sheria inahesabu kitambulisho cha mtandaoni kuwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, sawa na namba ya kitambulisho au mahali alipo. Kuki inayokufuata ni kitu cha aina hiyo.

Na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data imeshaonyesha kwamba haikubali ridhaa inayotanuliwa. Septemba 2023 ilitangaza faini tatu ambazo kila mmoja wetu anafaa kuzijua. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao ya kijamii bila ridhaa yake. Kuingia kilabuni hakukuwa kukubali kutumiwa kama tangazo la kilabu. Roma School ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kumpeleka mtoto shule ni jambo moja, kumweka kwenye matangazo ya shule ni lingine. Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, walitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba walizozipata kwa watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho. Mkopaji anaweza kuruhusu simu yake isomwe, lakini hawezi kutoa ruhusa kwa niaba ya shangazi yake aliyemo kwenye orodha ya namba. Kesi zote tatu zina mfupa mmoja: ruhusa ya hapa ilivutwa hadi pale. Kesi ya mradi wa Worldcoin ni ndugu yao. Serikali ilisimamisha shughuli zake Agosti 2023, baada ya watu kupanga foleni KICC kupigwa picha za mboni za macho wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Ridhaa iliyonunuliwa nayo ilikosa hadhi ya ridhaa.

Atakayesema kwamba ruhusa ya pamoja haijapewa nafasi ya haki, na aangalie Ulaya ilikopewa nafasi hiyo. Mwaka 2018, sheria ya ulinzi wa data ya huko, GDPR, ilipoanza kutumika, chama cha kampuni za matangazo kiitwacho IAB Europe kilileta mfumo ambao jibu lako kwenye kisanduku hufupishwa kuwa mfuatano wa herufi na kupelekwa kwa mamia ya kampuni. Katika miaka yake ya mwanzo mfumo huo ulikuwa na chaguo la ruhusa ya dunia nzima: ukikubali kwenye tovuti moja, jibu lilihifadhiwa chini ya jina la pamoja, na tovuti nyingine zilizomo ziliweza kulisoma bila kukuuliza tena. Chaguo hilo liliondolewa. Februari 2022 mamlaka ya Ubelgiji iliona mfumo wenyewe unakiuka sheria ikawatoza IAB Europe euro 250,000, na tarehe 7 Machi 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kwamba hata ule mfuatano wa herufi unaobeba jibu lako ni data binafsi. Yaani karatasi iliyoandikwa kama umekubali au umekataa imegeuka kuwa kitu cha kukutambulishia. Kabla ya hapo, Oktoba 2019, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua katika kesi ya Planet49 kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya vema kabla hujakigusa si ridhaa. Na Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza kuwatoza Google euro milioni 150 na Facebook milioni 60, kwa sababu kukubali kulikuwa kwa mbofyo mmoja na kukataa kulihitaji kadhaa.

Kukataa kwa pamoja nako kumejaribiwa, na mara ya kwanza kulishindwa vibaya. Tangu mwaka 2009 lilikuwepo wazo la kivinjari kutuma ishara kwa kila tovuti: msinifuate. Vivinjari vikaitengeneza, watu wakaiwasha, tovuti zikaipuuza, kwa kuwa hakuna sheria iliyozibana. Kikundi cha wataalamu kilichokuwa kikiisimamia kilifungwa mapema 2019. Wenye hoja ya kwamba ubao bila askari ni rangi tu ukutani walikuwa na ushahidi. Oktoba 2020 ikatolewa ishara mpya, Global Privacy Control, na safari hii California iliipa meno. Agosti 2022 kampuni ya vipodozi ya Sephora ilikubali kulipa dola milioni 1.2, na kosa mojawapo lilikuwa kupuuza ishara hiyo. Ishara yenyewe haina kuki ndani yake, haina jina lako, haina seva ya katikati inayotunza orodha ya waliokataa. Ni mstari mmoja unaotumwa na kivinjari pamoja na kila ombi la ukurasa, na ni ule ule kwa kila aliyeuwasha. Ukuta na rangi.

Pingamizi la haki ni kwamba California iko mbali na Mbooni. Ni kweli, na tovuti inayotazama mahali ulipo inaweza kuamua kutokuhesabu. Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha ridhaa Kenya uko kwa mkusanyaji, na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data hakiruhusu data ya mtu itumiwe kibiashara ila kwa ridhaa yake ya wazi au kwa idhini ya sheria. Kampuni inayodai uliridhia, huku kivinjari chako kikiiandikia kukataa kila ulipofungua ukurasa, itakuwa na kazi ngumu mbele ya Kamishna. Zaidi ya hayo, nusu ya ulinzi haitegemei hiari ya tovuti. Kivinjari kinaweza kukataa chenyewe kupokea kuki za watu wa tatu, na hapo hakuna wa kupuuza kitu: kuki haiingii. Kivinjari cha Safari, cha Apple, kinazizuia zote tangu Machi 2020. Firefox inazifungia kila moja kwenye tovuti yake tangu Juni 2022. Chrome, ambayo simu nyingi za Android huja nayo, ndiyo iliyorudi nyuma: Google iliahidi kwa miaka kuziondoa, Julai 2024 ikabadili nia, na Aprili 2025 ikasema haitamwekea mtumiaji hata swali jipya la kuchagua. Kwa hiyo mwenye Chrome lazima ajifanyie mwenyewe.

Kazi yenyewe ni ndogo. Katika Chrome ya simu, fungua nukta tatu za juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Faragha na usalama au Mipangilio ya tovuti kulingana na toleo ulilo nalo, tafuta vidakuzi vya wahusika wengine, uchague kuvizuia. Tovuti chache zitalalamika, hasa zile zinazokuingiza kwa akaunti ya mahali pengine. Hizo unaweza kuziruhusu moja moja, na hiyo ndiyo maana halisi ya kukubali mahususi. Ukitaka na ile ishara ya kukataa, Chrome haitumi yenyewe. Weka Firefox, ukawashe mstari unaoziambia tovuti zisiuze wala kusambaza data yako, au Brave, ambayo huituma bila kuambiwa. Kisha nenda kwenye mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya Google, ndani ya Matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo. Hili la mwisho watu hulisahau, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu mtu mwenye bando la shilingi ishirini hutumia programu za simu kuliko tovuti, na programu hazitumii kuki kukufuata. Hutumia hicho kitambulisho. Ukikifuta, programu zote hupata sifuri tupu mahali pake. Kukataa kumoja, na kumesafiri.

Kosa ambalo hata wajanja hulifanya ni kudhani kwamba kufuta kuki kila jioni kunatosha. Kumbuka jibu lako la kukataa nalo limehifadhiwa kwenye kuki. Ukizifuta, umefuta na kukataa kwako, na kesho visanduku vyote vitarudi kama wadai. Hapo ndipo mtu huchoka, akabonyeza kijani, na waliobuni kijani wanalijua hilo. Kukataa kuwekwe kwenye mipangilio ya kivinjari, ambako ufagio haufiki. Kuki unaweza kuzifuta upendavyo baada ya hapo.

Wapo wanaotafuta mtumishi wa kuwajibia visanduku, na programu-jalizi za namna hiyo ziko tele. Zichague kwa jicho kali, maana mbili zinaweza kufanana sura zikatenda kinyume. Consent-O-Matic, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus huko Denmark, hujaza kisanduku kwa kukataa kadiri ulivyoiagiza. Nyingine, maarufu zaidi, kazi yake ni kukuondolea kisanduku machoni, na inapobidi hukubali kwa niaba yako ili kiondoke. Hiyo ya pili ilinunuliwa na Avast mwaka 2022. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza habari za watu za kutembelea tovuti, zilizokusanywa na programu walizoziweka ili ziwalinde. Ukimpa mtu mmoja ufunguo wa kujibia milango yote, mwulize kwanza anaishi kwa mshahara wa nani.

Sina cha kuficha, husema wengi. Mama wa ugonjwa wa sukari naye hakuwa na cha kuficha; alikuwa na cha kusoma. Lakini simu ya nyumbani Mbooni mara nyingi si ya mtu mmoja. Asubuhi iko kwa baba anayetafuta bei ya maembe, mchana kwa mama, jioni kwa mtoto wa sekondari mwenye zoezi la baiolojia, usiku kwa kijana anayetazama mikopo ya simu. Kuki haijui kwamba hao ni wanne. Inawaona kama mtu mmoja mwenye embe, sukari, baiolojia na deni, na matangazo ya mkopo yataanza kumfikia mtoto. Anayesema hana cha kuficha anazungumzia nafsi yake, ilhali kitufe alichobonyeza kimewajibia wanne, na mmoja wao ni mtoto ambaye kifungu cha 33 cha sheria kinataka ridhaa yake itolewe na mzazi au mlezi. Simu ikiwa ya pamoja, kila mmoja asome kwenye hali fiche (incognito) au awe na kivinjari chake. Kwenye saiba, fungua dirisha la hali fiche kabla ya kufungua chochote, na ulifunge unapoinuka. Mwenye saiba akiweka kompyuta zake zijifute kila mteja anapoondoka, atakuwa amewalinda watu wengi kuliko makala hii.

Pingamizi lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni la magazeti. Habari za bure hulipiwa na matangazo, tangazo linalomjua msomaji hulipa kuliko lisilomjua, na tukikataa wote tutabaki na habari za wenye pesa. Silibezi. Hata hivyo, tangazo la mbegu za mahindi kwenye makala ya mahindi halihitaji kujua jina wala historia ya msomaji, na ndivyo redio na magazeti ya karatasi yalivyoishi miaka yote. Na kama kuna gazeti unalolipenda na ungependa lipate faida, fungua kisanduku chake, soma, ulikubalie. Hakuna ninachokipinga hapo. Ulichofanya ni kumwuzia jirani kipande, mbele ya bodi, kwa jina lake.

Neno kwa wenye tovuti, maana hata huku wapo: shule, sacco, zahanati binafsi, nyumba za wageni. Kama una tovuti tatu za mmiliki mmoja na kazi moja, jibu moja linaweza kuzihudumia zote, ilimradi kisanduku kizitaje zote tatu kwa majina, na anayeondoa ridhaa kwenye moja awe ameiondoa kwenye zote. Kitufe cha kukataa kiwe na ukubwa na rangi kama cha kukubali. Kisanduku kiandikwe pia kwa Kiswahili. Ridhaa ya mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoisoma vizuri si ya mtu aliyeelezwa. Adhabu ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Lakini iko njia rahisi kuliko zote hizo, nayo ni kutopanda kuki za matangazo kabisa. Tovuti ya shule ya sekondari inayotaka kuonyesha karo na tarehe ya kufungua haina haja ya kumjua mzazi anasoma nini kwingine, na ukurasa usiomfuata mtu hauhitaji kumwomba ruhusa ya kumfuata.

Na ukikuta kampuni ya Kenya inayotumia data yako kwa ruhusa uliyompa mwingine, iandikie kwanza, uhifadhi picha ya skrini yenye tarehe, kisha upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna. Sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kabla ya hapo, ifungue mipangilio ya simu yako leo jioni, kabla hujampa mtoto aitumie kwa zoezi lake.